Bwana Kufuli na Kutu ya Tangi Lake

Mdogo wangu hajawahi kupoteza kitu. Anayebisha na akamwulize mwenyewe, ila aende ameshiba na awe hana safari, maana jibu lake linaanzia mwaka aliovaa suruali ndefu kwa mara ya kwanza. Mimi nilimtangulia duniani kwa miaka minne, nikambeba mgongoni, nikamfuta kamasi, kwa hiyo ninayoyaandika hapa sikusimuliwa. Niliishia darasa la saba, lakini la saba letu lilikuwa la saba kweli, na kichwa changu hakijaingiwa na mchwa.

Watu wanamwita Bwana Kufuli. Jina alilipata kazini, alikokaa miaka thelathini na miwili akiwa mtunza stoo wa hospitali. Mashuka, mablanketi, sabuni, glavu, ndoo, vyote vilipita mikononi mwake. Nimesema vilipita? Nimekosea. Viliingia. Kutoka ilikuwa habari nyingine. Muuguzi akija na karatasi iliyosainiwa na mganga mkuu, anataka mashuka kumi, mdogo wangu anaisoma mbele na nyuma kama mtu anayetafuta chawa kwenye mshono, kisha anauliza, "Yale ya mwaka jana mmeyafanya nini?" Basi wagonjwa wakalala juu ya godoro tupu, na mashuka yakalala kwenye mifuko yake ya nailoni, mapya, yamekunjwa, yana afya kuliko wagonjwa. Wakaguzi walipokuja walihesabu wakakuta halipungui hata moja. Wakampa cheti. Kwa nini lipungue? Kisichotoka hakipungui. Cheti hicho kipo sebuleni kwake mpaka leo, ndani ya fremu ya kioo, na fremu imepigiliwa misumari minne asije mtu akaiazima.

Siku ya kustaafu wenzake walimpa pikipiki. Nyekundu, tangi linang'aa mpaka unaweza kujitazama meno. Sijui waliompa walikuwa wanamshukuru au wanamwomba aende upesi na mbali.

Aliiingiza ndani siku hiyohiyo. Kuna chumba kidogo uani kwake, kimepakana na bafu, ukuta wenyewe ukiugusa unaacha unyevu kiganjani. Humo ndimo alimoilaza. Kufuli moja mlangoni. Mnyororo na kufuli ya pili kwenye gurudumu la nyuma. Mfuniko wa tangi nao una tundu la ufunguo, nao ukafungwa. Kisha akaifunika blanketi. Wifi yangu, mke wake, mwanamke mwenye ulimi ambao Mungu aliunoa pande zote mbili, alisimama mlangoni akatazama. "Mimi nilipoletwa humu nilipewa shuka," akasema. "Mwenzangu amepewa blanketi."

Aliiendesha mara nne kwa mwaka, tena kama anabeba mayai. Na kila aliporudi, kabla hajavua viatu, alichukua kipande cha mpira akanyonya petroli yote kutoka kwenye tangi, akaitia kwenye dumu, na dumu akalifungia kabatini. Wakati huo mimi niliona ni ubahili wa kawaida. Kumbe ulikuwa ubahili wenye elimu. Alinieleza mwenyewe, tena kwa fahari: "Dada, pikipiki yenye mafuta ina miguu. Shemeji zangu wakija kuazima siwakatalii. Nawaambia, ichukueni tu, ndugu zangu, hii ni ya wote. Ila haina mafuta." Shemeji wanaondoka wakisifu ukarimu wake, na pikipiki inabaki chini ya blanketi. Miaka sita ilikwenda hivyo. Wahenga walisema mali ya bahili huliwa na wadudu. Hawakusema chochote kuhusu chuma, kwa hiyo mdogo wangu alijiona amesalimika.

Sasa, ana binti mmoja. Mtoto huyo amesomea uuguzi, akafaulu, akarudi nyumbani na cheti chake, akakaa. Mwaka wa kwanza akakaa. Mwaka wa pili akakaa. Kila alipoomba kazi aliambiwa asubiri ataitwa, na akawa amesubiri mpaka amejua kufuma vitambaa vya makochi yote ya mtaa. Jumatano moja asubuhi alikuja kwangu mbio, kandambili mkononi.

"Shangazi, nimeitwa!"

"Na nani?"

"Ofisi ya afya. Wanataka muuguzi wa chanjo, wa kuzunguka vijiji vya kule milimani na kisanduku cha dawa. Soma."

Nikavaa miwani, nikasoma. Barua ilikuwa fupi na haina mzaha. Aje Jumamosi saa mbili asubuhi na pikipiki inayotembea. Aiendeshe mbele ya msimamizi mpaka kituo cha kwanza na kurudi. Asiyefika na chombo kizima, nafasi anapewa anayemfuata kwenye orodha.

"Kuendesha unajua?" nikamwuliza.

"Nilijifunza ya mwenzangu chuoni. Najua vizuri. Shida siyo mimi, Shangazi." Akaangalia chini. "Shida ni Baba."

Nikavaa khanga ya kutokea, tukaenda. Tulimkuta mdogo wangu anapaka mafuta bawaba za dirisha. Akaisikiliza barua yote. Akauliza kama ofisi haina pikipiki zake. Akauliza kama vijiji haviwezi kuja vyenyewe kuchanjwa. Akauliza mambo mengi ya maana. Wifi yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasema neno moja tu: "Baba-mtu." Mdogo wangu akaenda kutafuta funguo.

Alifungua kufuli zote tatu, akavua blanketi, akamimina kikombe kimoja cha petroli kutoka kwenye dumu. Kikombe, siyo lita. Binti akapiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena, ikawaka, na nyumba nzima tukapiga makofi kama waliopata mjukuu. Akapanda, akaenda mpaka kwenye kona ya fundi wa pikipiki, na pale kwenye kona ikazima kama mtu aliyekumbuka jambo. Tukamfuata wote mbio. Kiki kumi, kiki ishirini, wapi.

Yule fundi ni mtu mzima, ana kitambi na maneno machache. Hakusubiri kuitwa. Alichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akaachia koki, na kikatoka kitu kama chai ya rangi iliyochemshwa mara ya tatu. Akafungua mfuniko, akamulika tochi ndani, akachungulia kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "humu ulikuwa unahifadhi nini?"

"Petroli," akajibu mdogo wangu.

"Lini?"

Watu wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi la fundi wakageuza nyuso zao wakatazama barabara.

"Tangi hili halijawahi kunyeshewa hata tone moja la mvua," akasema mdogo wangu. "Limelala ndani, limefunikwa."

"Halikunyeshewa, mzee. Limetoa jasho. Chuma kikiwa kitupu ndani, kikashikwa na ubaridi na unyevu, kinatoa jasho kama chupa ya soda. Jasho ndilo linalozaa kutu. Tangi lililojaa halina pa kushika kutu. La kwako ulikuwa unalimwaga?"

"Nilikuwa ninalitunza."

"Ndiyo hivyo," akasema fundi. "Limetunzwa mpaka limeoza."

Kisha akaeleza dawa, na mimi nilisikia kila neno, kwa hiyo asije mtu akadai haikusemwa. Tangi livuliwe, litolewe koki, tundu lizibwe. Litiwe siki mpaka juu, juu kabisa, siyo nusu, maana kutu ya darini ndiyo mbaya, inadondoka kidogokidogo safarini. Uingizwe mnyororo, litikiswe, mnyororo ukwangue. Lioshwe kwa maji, kisha kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki. Halafu, na hapa alinyanyua kidole, likaushwe papo hapo na lisukutuliwe kwa petroli iliyochanganywa na oili kidogo. "Papo hapo, mzee. Chuma kilichotoka kuoshwa ni kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ukimwacha na maji anashikwa na homa. Niachie mimi, Ijumaa jioni unakuja kulichukua."

"Nikuachie?" akauliza mdogo wangu. "Tangi langu halijawahi kulala nje."

Akalivua mwenyewe, akalikumbatia, akarudi nalo nyumbani. Pikipiki iliyobaki tuliisukuma sisi wanawake watatu.

Alhamisi alianza kazi mapema, kwa utaratibu wa stoo. Fundi alisema mnyororo. Mnyororo ulikuwepo, mzuri, ila ulikuwa kazini: umefunga gurudumu la nyuma la pikipiki isiyokuwa na tangi. Nikamwuliza, "Wewe, mwizi gani ataiba pikipiki isiyo na tangi?" Akasema, "Mwizi mwenye tangi." Kuna majibu yanayomshinda hata mtu wa la saba letu.

Badala ya mnyororo akatumia nati. Akatoa kwenye kopo lake nati ishirini, akaziandika kwenye daftari: zilizoingia, ishirini. Akazitumbukiza ndani ya tangi kwanza, kabla ya siki, akatikisa kidogo, kwa heshima, akapindua. Zikatoka kumi na tisa.

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuishi na mtunza stoo huwezi kuelewa. Kazi ilisimama. Alitikisa, akapindua, akamulika, akaingiza waya uliopindwa ncha, akaingiza sumaku ya spika ya redio. Wifi akasema, "Nati moja itakuua?" Akajibu, "Leo nati moja, kesho?" Tangu asubuhi mpaka saa nane mchana binti yake anamtazama, mikono kwenye magoti. Mwishowe ni yeye aliyeinuka akaenda kwenye daftari. Nati ya ishirini ilikuwa imekalia ukurasa, baba yake aliiweka mwenyewe ili usipeperuke.

Alimshukuru? Aliandika: imepatikana.

Basi ikabaki siki. Fundi alisema mpaka juu. Tangi lile linachukua lita kumi na mbili. Mdogo wangu aliomba chupa moja ya jikoni kwa wifi, akamimina yote, akaonja kwa jicho, akasema inatosha, kwa sababu siki ina nguvu na nguvu hupanda. Nguvu ya siki haikupanda. Ilikaa chini ikasafisha sakafu, na darini kutu ikabaki inaangalia.

Ijumaa asubuhi akamwaga, akasuuza kwa maji, akamulika tochi. Chini kuling'aa kama sahani ya bi harusi. Akatuita wote kuchungulia, mmojammoja, kwa zamu. Akaita na majirani. Fundi cherehani wa nyumba ya pili aliacha suruali ya mtu kwenye mashine akaja kuchungulia, akasema hongera, mzee, akarudi. Mimi nilipochungulia niliona matone yamekaa kwenye kona, nikamwambia, "Mdogo wangu, fundi alisema likaushwe papo hapo na lisukutuliwe kwa petroli na oili."

"Dada," akasema kwa upole wa mtu anayemwonea huruma mjinga, "petroli haimwagwi kwa kuoshea. Na vumbi je? Umefikiria vumbi?"

Kwa hiyo, ili vumbi lisiingie, akaliziba tangi lililolowa, akalifunga kwa ufunguo, akalipeleka kwenye chumba kilekile cha unyevu, akalifunika blanketi lilelile. Kisha akaenda kulala kidogo, kwa maana amechoka.

Saa saba mchana tukalifungua. Ile sahani ya bi harusi ilikuwa imegeuka rangi ya pilipili ya unga. Chini, pembeni, kila mahali. Na juu, ile kutu ya zamani ilikuwa bado ipo, imeongezewa wageni.

Binti alikuwa amechuchumaa karibu na tangi. Hakulia. Afadhali angelia.

"Baba," akasema, "kesho saa mbili."

"Najua."

"Ikifika saa mbili sina pikipiki, anaitwa mwingine. Nitarudi kukaa hapa. Mwaka wa tatu."

"Zipo kazi nyingine."

"Hazipo, Baba. Ningeziona." Akasimama, akakung'uta magoti. "Nimeanza kusahau kuchoma sindano. Jana usiku nilijipima kwenye chungwa, sindano ikaingia kombo. Ukinitunza zaidi ya hapa sitafaa tena kwa kitu chochote."

Nimeandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Mdogo wangu aliyasikia akiwa ameshika tochi, na tochi ilikuwa bado inawaka mchana kweupe, inamulika vidole vya miguu yake. Alizungusha macho kumwangalia wifi, akaniangalia mimi. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kwamba yeye hana kosa. Siku hiyo hakukuwa na mtu wa namna hiyo kwenye ua wote.

"Lipelekwe kwa fundi," nikasema.

"Dada, tangi langu halilali—"

"Basi nenda ukalale nalo!"

Sijawahi kumpigia kelele tangu siku alipoficha kiatu changu cha shule ili kisichakae. Akanitazama. Kisha akaingia chumbani, tukasikia kufuli ya gurudumu inafunguka. Akatoka na mnyororo shingoni na tangi mikononi, amelizungushia blanketi. Akapita katikati ya mtaa hivyo, mzee mzima, nywele nyeupe, amekumbatia kifurushi. Mama muuza mboga akamwambia, "Pole, mzee. Mtoto anaumwa?" Wifi akajibu kwa niaba yake kutoka nyuma: "Ana homa ya maji."

Fundi alilipokea bila kumcheka, na kwa hilo nampa heshima yake. Alichungulia, akatingisha kichwa, akasema muda ni mdogo ila kutu mpya ni laini, itaondoka. Ya juu ndiyo itakayotaka jasho. Wifi na binti wakazunguka maduka ya mtaa mzima kukusanya siki. Fundi akaipasha moto kwenye sufuria, maana ikiwa ya moto inafanya haraka, akaimimina mpaka ikagusa mdomo wa tangi. Baadaye akaipunguza, akaingiza mnyororo, akaziba.

"Sasa ni mikono tu," akasema. "Mzee, kaa pembeni, nitatikisa."

"Lete," akasema mdogo wangu.

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akaliweka tangi mapajani, akaanza. Mwanzo alitikisa vile anavyofanya kila kitu, kama anaogopa kuamsha mtu. Fundi akamwambia, "Mzee, hivyo unalibembeleza. Lipige." Akaongeza. Mnyororo ukaanza kunguruma ndani. Juu, chini, upande, pindua, darini, tena darini. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Shati lote likawa limeshikana na mgongo, siki ikamchuruzikia mikononi, kila kidonda kidogo alichokuwa nacho kikamsalimia. Mtu aliyekataa kutoa ndoo kwa miaka thelathini na miwili akijidai mgongo unamuuma! Fundi akaja mara mbili kumpokea.

"Nipe, mzee, pumzika."

"Hapana. Hii nimeifanya mwenyewe."

Sijui alikusudia kazi au kutu. Sikumwuliza. Ila binti yake aliacha kusimama mbali, akaja akachuchumaa upande wa pili, akashika tangi naye, wakawa wanatikisa wawili. Mnyororo ulikuwa unapiga kelele kwa niaba yao.

Jua lilipokuwa linazama fundi akamwaga siki, nyeusi kama wino, akasuuza, akatia maji ya magadi, akasuuza tena. Halafu papo hapo, bila kuita jirani hata mmoja kuja kuchungulia, akalipuliza kwa pampu ya upepo mpaka ndani kukakauka. Akamgeukia mdogo wangu. "Petroli, mzee."

Dumu lilikuwa limeletwa. Mdogo wangu mwenyewe alilifungua, akamimina ndani ya tangi, fundi akaongeza oili, wakalizungusha, kisha wakaimwaga yote chini kwenye mchanga. Ndiyo, chini kwenye mchanga. Mimi nilimtazama uso. Nimewahi kuona watu wakifukia wapendwa wao kwa utulivu mdogo kuliko ule.

Fundi akasafisha kabureta, akafunga chujio dogo la plastiki kwenye mpira wa mafuta, akamwonyesha binti jinsi ya kulifungua na kulipuliza endapo mabaki yatakusanyika. Kiki ya tatu ikawaka.

Jumamosi tulipita kituo cha mafuta. Mhudumu akauliza, "Kiasi gani?" Mdogo wangu akamtazama kama mtu anayeulizwa dini yake. "Jaza," akasema. "Mpaka juu." Mpaka juu!

Ofisi ya afya ina baraza refu na mabenchi mawili. Tulikaa benchi moja: mimi, wifi, na mdogo wangu katikati kama mtuhumiwa. Benchi la pili alikaa kijana mwenye kofia ngumu mapajani, pikipiki yake nje inameremeta. Alikuwa anayefuata kwenye orodha. Alitusalimia vizuri sana, nami nikamjibu vizuri sana, na wote tulijua kila mmoja anamwombea mwenzake nini.

Msimamizi, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, alifunga kisanduku cha dawa chenye barafu nyuma ya siti, akatazama saa, akasema nenda. Kwenda na kurudi ni dakika arobaini. Binti akaondoka. Dakika arobaini zikaisha. Zikaongezeka kumi. Mdogo wangu akainuka akaenda getini, akarudi, akaenda. Zikaongezeka tano. Yule kijana akaanza kufunga kamba za viatu. Ndipo tukasikia mlio.

Aliingia amejaa vumbi mpaka kope. "Kwenye mlima ilianza kukohoa," akamwambia msimamizi. "Nikazima, nikafungua chujio, nikapuliza, nikaendelea. Kisanduku hakijafunguka, barafu haijayeyuka."

Msimamizi akagusa barafu. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Kisha akatoa karatasi nyingine. "Kadi ya pikipiki ina jina la nani?"

"La kwangu," akasema mdogo wangu.

"Basi weka saini hapa, mzee. Muuguzi anaishi kituoni kule mlimani, na pikipiki inaishi naye. Inarudi akija likizo."

Kwa ukweli wa Mungu, hilo hatukulijua, barua haikulisema. Wifi yangu alishika mkono wangu akauminya. Mdogo wangu akaichukua karatasi, akaisoma mbele. Akaigeuza, akaisoma nyuma, ingawa nyuma hakuna kitu.

"Kule kuna chumba cha kuifungia?" akauliza.

"Hakuna. Inalala barazani. Wanaweza kumgongea saa yoyote."

"Na watu wakiazima?"

"Wataazima," akasema mama yule. "Kuna mjamzito, kuna aliyeumwa na nyoka. Wataazima sana."

Binti alikuwa amesimama na kofia mkononi, anatazama kidole gumba cha baba yake kinavyopapasa ukingo wa karatasi. Hakuomba. Aliyekuwa na la kuomba alishaliomba jana.

Mdogo wangu akaazima kalamu, akaweka saini. Ile saini yake ndefu yenye mikia, ambayo miaka thelathini na miwili ilisaini kupokea. Kisha, kwa kuwa mtu habadiliki kwa tangi moja, akaomba nakala. Msimamizi akasema hakuna. Akatoa daftari lake mfukoni, akaandika pikipiki moja nyekundu, tangi limejaa, akaiomba ofisi ilipige muhuri. Mama wa watu akapiga, nadhani ili aondoke.

Binti alipopanda, mdogo wangu alimfuata mpaka getini akiita, "Jaza kila jioni! Usilaze na tangi tupu, unasikia? Tangi tupu linatoa jasho!"

"Nimesikia, Baba!"

"Na mtu akiazima mwambie arudishe limejaa!"

Hayo yalikuwa miezi saba iliyopita. Binti yuko mlimani, anachoma sindano, na watoto wa kule wanamkimbia wakimwona, ambayo ndiyo dalili kwamba anaifanya kazi vizuri. Mdogo wangu sasa ni mtaalamu wa kutu. Anakaa kwenye benchi la fundi pale kwenye kona kila asubuhi, hajaajiriwa, hajaombwa, na kila pikipiki inayosimama anaigonga tangi kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Anawaeleza watu kwamba kosa kubwa la wamiliki wengi ni kumwaga mafuta jioni, jambo ambalo, anasema, hajui hata ni mjinga gani aliyelianzisha. Fundi anamwacha. Ukipita pale akikuuliza tangi lako limejaa kiasi gani, nakushauri useme limejaa. Ukisema nusu, tafuta kiti.